Wanasema albamu hii ni usaliti. Mbona mimi naipenda?

Swali: Habari, Mwalimu. Naishi Umoja, nina miaka 23, napiga gitaa kwenye bendi ya watu watatu. Binamu yangu alinitumia albamu ya "Dear You" ya Jawbreaker, bendi ya panki ya Marekani, na nimeisikiliza mwezi mzima kwenye matatu nikienda kazini. Nimeipenda mno. Kisha nikaanza kusoma wasikilizaji wengine wanaisemaje, nikachanganyikiwa. Mmoja anasema ni usaliti mtupu. Mwingine anasema ndiyo iliyomvusha mwaka mgumu chuoni. Wa tatu anasema muziki umeoshwa hadi ukabaki bila ladha. Sasa mpiga ngoma wetu ameyashikilia maneno ya huyo wa tatu: tunaingia studio mwezi ujao na hataki kusikia habari ya "sauti safi". Nani mkweli kati ya hao watatu? Na maoni ya wasikilizaji yanafaa kitu, au ni kelele tu?

Jibu: Ndugu yangu, kabla sijakujibu acha nikiri kosa. "Dear You" niliisikia mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya tisini kwenye kaseti, TDK ya dakika 90, niliyonakiliwa na jamaa aliyekuwa akisoma Marekani. Upande mmoja wa kaseti ile ni dakika 45 na albamu haikutoshea, kwa hivyo wimbo wa "Basilica" ulikatika kabla haujashika moto. Hilo nililiona. Nisilolijua ni kwamba deki iliyonakili ilikuwa inakimbia kidogo kuliko kawaida, na kaseti iliyorekodiwa mbio, ukiicheza kwenye redio iliyo sawa, hutoka polepole. Sauti ya mwimbaji ilishuka karibu nusu toni. Ngoma zilisikika kama zinapigwa na mtu aliyetoka kumaliza sahani ya ugali na matumbo. "Accident Prone", wimbo wa dakika sita na ushei, kwangu ulivuka sita na nusu.

Nikawatangazia watu wote waliokuwa tayari kunisikiliza kwamba hii ni bendi iliyochoka. Nilisema hivyo kwa miaka kadhaa, tena kwa kujiamini, na wako walioacha kuitafuta albamu kwa sababu yangu. Siku nilipopata CD yake nikaiweka, nikakaa kitandani mdomo wazi. Bendi haikuchoka hata kidogo. Mgonjwa alikuwa ni deki.

Tangu siku hiyo, nikisoma maoni ya mtu kuhusu albamu yoyote, huwa naanza kuuliza: huyu ilimkutia wapi? Kwenye mashine gani, baada ya kusikia nini, akiwa na kinyongo na nani? Wahenga walishasema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mashabiki wa panki ni waambaji hodari. Lakini mtu kuvutia kwake hakuna maana kwamba ngozi haipo. Ipo, na ukijua kila mmoja anavuta kutoka upande gani unaweza kuliona umbo la ngoma yenyewe.

Kwa wasomaji wengine wanaotufuata: mtaani kwetu panki ni mtindo wa kunyoa, nywele zimeachwa utosini. Muziki wenyewe ulishika mwaka 1976, Ramones wa New York walipotoa albamu yao ya kwanza, nyimbo 14 zisizofika nusu saa, zilizorekodiwa kwa dola 6,400 hivi. Watu walichosikia kwanza ni kelele. Ukiipangua kelele unakuta nyimbo tamu za kuimbika, za aina iliyokuwa ikipigwa redioni miaka ya sitini, zimekimbizwa tu. (Albamu hiyo ilitambuliwa kuwa ya dhahabu Marekani, yaani nakala 500,000, mwaka 2014. Miaka 38! Kama ungewauliza wasikilizaji wa 1976 peke yao, ungeambiwa imeshindwa.) Huko ndiko lilikoota tawi unalolipenda wewe, panki yenye melodi: Buzzcocks kule Manchester, Descendents wa California na albamu yao ya 1982, halafu Bad Religion wa Los Angeles, ambao mwaka 1988 walitoa "Suffer", nyimbo 15 kwa dakika 26. Juu ya gitaa zinazokwaruza wakapanga sauti za kuitikia ambazo mtu yeyote aliyewahi kuimba kwaya ya parokia atazitambua: ya kwanza, ya pili, ya tatu, zikipanda pamoja na kushuka pamoja.

Mwenye masikio ya benga naye hapati tabu humu. Benga ni mbio, ni gitaa linaloimba badala ya kusindikiza, na ni besi isiyojua kutulia. Hilo la besi nitalirudia.

Sasa twende kwa yule wa "usaliti". Usimcheke. Mwaka 1994 Green Day, bendi ya panki ya California, walitoa "Dookie" chini ya lebo kubwa, yaani kampuni kubwa ya kutoa rekodi, ikauza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani pekee. Kabla ya hapo walikuwa wakipiga kwenye ukumbi wa 924 Gilman Street, Berkeley, unaoendeshwa na watu wa kujitolea na wenye sheria kwamba bendi iliyosaini na lebo kubwa haipandi jukwaani. Waliposaini, mlango ukafungwa, na hawakurudi kupiga pale hadi mwaka 2015. Jarida la panki la Maximum Rocknroll lilikataa hata kuhakiki rekodi za lebo kubwa. Jawbreaker walikuwa watu wa ng'ambo ya ghuba tu, San Francisco. Huo ndio mtaa uliowalea.

Na haukuwa wivu wa maskini peke yake. Steve Albini, fundi wa sauti wa Chicago, mwaka 1993 aliandika makala akapiga hesabu ya bendi ya kubuni iliyopewa mkataba wa robo milioni ya dola. Akatoa gharama za studio, meneja, wakili, basi la ziara, vyombo vipya, na mwisho wa karatasi kila mwanabendi akabaki na dola 4,000 na kitu, huku wengine kwenye mnyororo wakivuna mamilioni. Ile hesabu ilisomwa kama waraka kanisani. Albini huyohuyo ndiye aliyerekodi sehemu kubwa ya "24 Hour Revenge Therapy", albamu ya Jawbreaker ya 1994, ambayo mashabiki wao wa zamani huiapia mpaka leo.

Jawbreaker nao walikuwa wamesema waziwazi, mbele ya watu, kwamba hawatasaini. Kisha wakasaini na DGC, lebo ya Nirvana, kwa mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni moja, na albamu ikasimamiwa na Rob Cavallo, prodyusa wa "Dookie". Ilitoka Septemba 1995. Kwenye ziara ile wako mashabiki waliokaa chini sakafuni na kuipa bendi mgongo zilipoanza nyimbo mpya. Hebu vuta picha: umesafiri siku nzima garini, unawasha amplifaya, unaona migongo. Mwaka 1996 bendi ikavunjika.

Kwa hivyo anayeandika "usaliti" anatoa ushahidi kuhusu ahadi, na ushahidi wake ni halali kabisa. Ila ahadi haisikiki kwenye spika. Wewe ulizaliwa ugomvi umeshakwisha; hukuahidiwa kitu, hukuvunjiwa kitu. Na watu wa namna hii tunao hapahapa. Mwanamuziki wa mtaani kwake akihamia Kilimani na kuanza kusikika kwenye matangazo ya benki, jamaa hamsikilizi tena hata wimbo uwe mtamu vipi. Pale analia kama jirani. Masikio yake hayajaulizwa.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo wenye hasira wengi walilikosea, nami hulirudia kila ninapopata nafasi. Blake Schwarzenbach, mwimbaji wao na mpiga gitaa, alianza na sauti ya changarawe. Mwaka 1992, wakiwa kwenye ziara Ulaya, alifanyiwa upasuaji wa kuondoa vinyama kooni. Mtu aliyepitia hayo akiendelea kupasua koo kila usiku anayatafuta yaleyale. Kwenye "Dear You" anaimba karibu na maikrofoni, ametulia, kila neno linasikika, wakati mwingine kama anakunong'oneza. Wasikilizaji wakasema: lebo imemwosha sauti! Prodyusa alichangia, sikatai. Lakini ile sauti ya zamani ilikuwa na bei, na mwenye kuilipa alikuwa mwenye koo. Ukisoma maoni yanayoeleza nia ya msanii, "alitaka pesa", "alitaka redio", usiyameze mazimamazima. Msikilizaji husikia sauti. Nia huwa anaibuni.

Yule wa pili, aliyevushwa mwaka mgumu chuoni, ni wa kundi lililokuja baadaye. Albamu ilipotoka haikuuza kama lebo ilivyotarajia, ikapotea madukani, watu wakawa wanatafutiana nakala kama dawa. Mwaka 2004 mpiga ngoma wao, Adam Pfahler, aliitoa upya chini ya lebo yake ndogo. Hapo ikakutana na vijana ambao hawakuwahi kusikia ile ahadi, na wengi wao waliingia nyumba ya Jawbreaker kwa mlango huu huu wa "Dear You" kabla ya kuzijua nyingine. Mwaka 2017 bendi ilipokutana tena kwenye tamasha la Riot Fest, Chicago, ilipokewa kama ndugu aliyerudi kutoka ughaibuni. Nyimbo zile 13 zilikuwa zilezile. Migongo ndiyo iliyogeuka.

Maoni yake ni ya mtu mpweke aliyekaa na maneno ya nyimbo usiku, na kwa hilo namwamini kabisa, kwa sababu albamu hii ina kitu kwa ajili ya mtu wa hivyo. Lakini kwa mpiga gitaa anayejiandaa kwenda studio hayamsaidii. Hayasemi kitu kuhusu sauti.

Ila usidhani muda humsamehe kila mtu. Bad Religion haohao, kabla ya "Suffer", mwaka 1983 walitoa albamu ya vinanda na nyimbo ndefu, "Into the Unknown". Mashabiki waliikataa palepale. Bendi ikasambaratika kwa muda na albamu ikakaa miongo bila kutolewa tena. Nimeisikiliza mara nne nikiwa na nia njema. Mashabiki wale walikuwa sahihi.

Huyu wa tatu sasa, wa "umeoshwa hadi ukabaki bila ladha", ndiye wa maana zaidi kwako, kwa sababu amesema jambo linaloweza kupimwa. Amelisema vibaya, lakini lipo. Acha nikusimulie nililipimaje.

Nina mjomba, mtu wa benga wa kufa kupona. Shirati Jazz kwake ni dini. Aliwahi kupitisha Jumapili nzima nyumbani kwangu, na kwa kuwa hakuwa na pa kukimbilia nilimwekea "24 Hour Revenge Therapy". Nilidhani ataniomba nizime. Akasikiliza nyimbo mbili, kikombe cha chai kimesimama hewani, akasema: "Huyu wa besi anajiona ndiye mwenye bendi." Kweli tupu! Chris Bauermeister ana mchezo wake mwenyewe pale chini. Hafuati kodi za gitaa (noti zinazopigwa pamoja, si zile kodi za KRA) kama mtumwa, anatembea, anajibu, mara anapanda juu kabisa. Mjomba hakuelewa neno hata moja la nyimbo zile lakini besi aliielewa mara moja.

Nikamwekea "Dear You". "Save Your Generation" ikaanza, wimbo mzuri, umejaa kuanzia mlango hadi dari. Akasikiliza hadi mwisho. Akaniuliza: "Yule wa besi walimfukuza?"

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko ya miaka thelathini. Besi haikufukuzwa. Ipo, na mpigaji ni yuleyule. Kilichotokea ni kwamba gitaa zimerekodiwa tabaka juu ya tabaka, kushoto na kulia, nene, hadi zikajaza nafasi ambayo kwenye albamu iliyotangulia ilikuwa wazi. Uzi mnene wa gitaa la besi uko kwenye hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, ule wa gitaa la kawaida hezi 82, lakini kinachofanya besi isikike kama sauti ya mtu wa pili anayezungumza, badala ya mngurumo tu, kiko juu zaidi, kwenye mamia ya hezi. Na huko ndiko gitaa zilizorundikwa hukaa. Albini alikuwa na desturi ya kuacha chumba kisikike na vyombo vitatu vigombane vyenyewe. Mtindo wa redio wa wakati ule ulitaka mwimbaji asogezwe mbele na gitaa ziwe ukuta nyuma yake. Ukuta ni mzuri. Lakini watu watatu wakisimama nyuma ya ukuta huwezi kujua kama ni watatu au kumi.

Kwa hivyo "umeoshwa" si neno langu. Mimi ningesema umejazwa. Na ndiyo maana nakuambia, ukipekua maoni ya wasikilizaji, mtafute anayekutajia mahali. Anayesema "gitaa ya pili inaingia hapa na besi inapotea" amekupa kitu cha kwenda kusikiliza mwenyewe. Unaweza kumkubali au kumpinga. Anayesema "hawana roho tena" amekupa hali yake ya moyo. Hata sifa ziko hivyohivyo. "Kali sana" haina kazi. "Kwenye 'Accident Prone' wanapoachia gitaa zipungue kabla hazijarudi" ina kazi, kwa sababu pale ukuta umefunguliwa dirisha na ndiyo maana wimbo unaweza kukaa dakika zote zile bila kuchosha.

Yangu binafsi, maadamu unaniuliza: "Fireman" ni wimbo mfupi uliokamilika, sioni pa kugusa. "Jet Black" unakwenda polepole, lakini hata kwenye ile kaseti yangu mbovu nilihisi kuna kitu pale. "Lurker II" ningeukata. "Bad Scene, Everyone's Fault" ni dakika mbili za sherehe iliyoharibika, na ndio wimbo wa kumwekea mtu anayedai bendi ilisahau kucheka. Kwa jumla naiona ni albamu kubwa iliyorekodiwa kwa namna ambayo haikuwafaa sana wapigaji wake. Unaweza kushika mambo hayo mawili kwa mkono mmoja. Mpiga ngoma wako ameshika moja.

Na wewe pia bado hujaisikia yote, samahani. Matatu ya Umoja ikiwa Jogoo Road, injini peke yake inanguruma kwenye masafa yaleyale ya besi, bado hatujahesabu spika za chini ya kiti na dereva aliyeamua leo ni siku ya dancehall. Spika zako za masikioni zinapigana na gari na zinashindwa. Unachopata ni sauti ya mwimbaji na ukuta wa gitaa, yaani kilekile albamu hii inachokifanya vizuri zaidi. Si ajabu umeipenda! Ungesikilizia "24 Hour Revenge Therapy" humo humo ungesema ni nyembamba na mwimbaji yuko mbali. Na kama binamu yako alikutumia faili iliyobanwa sana, matoazi yatakuwa yanachemka kama vibanzi kwenye mafuta. Usimlaumu Pfahler kwa hilo.

Fanya hivi. Usiku mmoja, nyumbani, majirani wamelala, weka wimbo mmoja wa kila albamu, mmoja baada ya mwingine. Hakikisha sauti iko sawa kwenye zote mbili, kwa sababu sikio la binadamu likisikia kitu kilichopazwa kidogo hukiita bora, na hapo ndipo hukumu nyingi huharibika bila mtu kujua. Mkaribishe mpiga ngoma. Mpigie huyo anayependa "uchafu" vilevile "Smash" ya The Offspring ya mwaka 1994. Ilitolewa na Epitaph, lebo ndogo iliyoanzishwa na mpiga gitaa wa Bad Religion, ikauza zaidi ya nakala milioni 11 duniani, na kila pigo la ngoma ndani yake linasikika wazi kama limepigwa mezani kwako. Hakuna lebo kubwa pale. Usafi wa sauti hauletwi na mkataba, na ukungu hauthibitishi uaminifu. Mara nyingi ukungu ni maikrofoni moja iliyowekwa vibaya na watu waliokosa muda.

Hata hapa Nairobi, Crystal Axis wanapoimba "Leopold", wimbo kuhusu mfalme wa Ubelgiji na yaliyofanyika Kongo, hasira yote ingekuwa bure kama msikilizaji asingelisikia hilo jina.

Lakini mpiga ngoma wako ana hoja, na ningekuwa wewe ningempa nusu yake kabla ya kuingia studio ili msigombane huko saa zikiwa zinalipiwa. Mwambie fundi kwamba ngoma, besi na gitaa la kwanza mtapiga pamoja, chumba kimoja, mkionana macho. Hiyo ndiyo changarawe anayoitaka, na haipatikani kwa kuharibu sauti baadaye. Gitaa la pili liongezwe kwenye viitikio tu, si kote. Beti ziachwe na nafasi ili besi yenu ipumue. Kama mpiga besi wenu hana la kusema kwenye nafasi hiyo, mtajua mapema, na ni afadhali kujua mapema. Sauti ya kuimba irekodiwe mwisho, siku nyingine kama mfuko unaruhusu, na usiimbe kwa kupasua zaidi ya mara tatu mfululizo. Koo huna la akiba.

Wakiwaletea mchanganyo wa kwanza, yaani vyombo na sauti vikishaunganishwa, msitoe maoni palepale. Usikilizeni kwenye simu, kwenye spika kubwa za mtu anayepiga muziki harusini, na ndiyo, kwenye matatu. Kila mmoja aandike kwenye karatasi yake bila kuonyesha wengine, na iwe marufuku kuandika "kali" au "haina ladha". Aandike dakika na chombo. Mkikutanisha karatasi tatu, palipotajwa na wawili ndipo pa kurekebisha. Ukiwa na mjomba wa benga, mwite pia.

Na mwambie mpiga ngoma abadilishe ngozi ya snea, ile ngoma ndogo ya mlio mkali, siku moja kabla, aipige kidogo, aikaze tena asubuhi. Ngozi mpya hulegea saa za mwanzo, na wimbo wa tatu hautafanana na wa kwanza.